Watu Wawili na Gogo la Kikopey

Binti anayeshughulikia vyombo vya sauti alinipigia simu wiki iliyopita kuniuliza bendi yetu ina watu wangapi, ili apange maikrofoni. Nikamwambia wawili. Akasema sawa, hao ni waimbaji, na wapigaji je? Nikamwambia ni hao hao. Akasema kwa adabu kwamba ataweka maikrofoni tano, zikizidi si neno. Sikubishana naye. Jambo hilo nililibishania nikiwa msichana, na kwa kuwa nilishinda mapema, sina haja ya kupandisha sauti uzeeni. Vijana wa Nakuru wanaopiga muziki wameurudia wimbo wetu wa kwanza, wakaandaa onyesho katika ukumbi mmoja mjini (siku hizi tunatakiwa kusema jijini), na wakatuomba mimi na Cherono tuupige wenyewe kabla hawajaupiga wao. Cherono ndiye nusu ya pili ya bendi. Hatujapanda jukwaani pamoja kwa muda mrefu; huwa tunakutana harusini na mazishini, tunakula, tunawasengenya watu kidogo, kila mmoja anarudi kwake. Lakini tangu simu ile ikatike, kila ninapoosha vyombo au kungoja maji yachemke, najikuta niko Kikopey, kwenye zile bucha za nyama choma kando ya barabara kuu, mwaka ule wa kwanza, nguo zangu zikinuka moshi. Habari za ukoo wetu nitaziruka. Kila anayeandika maisha yake huanza na babu, na babu yangu hakuwahi kushika gita.

Nilifika Kikopey nikiwa mwimbaji wa kukodiwa. Palikuwa na mpiga gita mmoja, wa wale wanaocheza peke yao na mashine ya ngoma, aliyekuwa akitumbuiza walaji wa nyama Jumamosi na Jumapili katika bucha ya mzee Koros, mjomba wake Cherono. Mimi nilikuwa namwitikia. Nilikuwa na gita langu la mbao nililojifunzia kanisani Gilgil, lakini halikuruhusiwa kutoka kwenye mfuko wake, kwa sababu bwana yule alisema magita mawili yanagombana. Nililala katika chumba cha nyuma ya bucha pamoja na Cherono: kuta za mabati, vitanda viwili vya kamba, magunia ya makaa upande mmoja, na katikati ndoo ya chumvi iliyokuwa kiti chetu na meza yetu. Tulikula walichokikataa wateja, yaani shingo, figo na ncha za mbavu, pamoja na ugali wa jana uliokaushwa juu ya jiko hadi ukafanya ganda. Hadi leo sijala chakula kitamu kama kile, na nimeshakaribishwa kwenye meza zenye vitambaa. Kupitia mabati tulisikia kila kitu kilichosemwa nje: madereva wa malori wakiulizana habari za mizani, wazee wa kanisa wakinunua mbuzi wa harambee, maharusi wakinuniana. Cherono alikuwa msichana wa maneno machache. Kazi yake ilikuwa kukata nyama iliyochomwa, na wateja wengine walisimamisha magari kwa kusikia tu kwamba pale Kikopey kuna msichana anashika panga kuliko wanaume.

Niueleze ukataji ule, maana bila huo hakuna hadithi. Nyama ikiiva huletwa juu ya gogo la mti mgumu, kubwa kiasi cha kiti, lililobonyea katikati kwa miaka ya kukatiwa. Cherono alishika panga mkono wa kulia na kisu kidogo mkono wa kushoto. Panga likagonga mara mbili, kisu kikakwaruza vipande kuvisogeza kando, panga likagonga tena mara mbili. Kwenye paja mlio ulikuwa mzito na mpole. Kwenye mbavu ulikuwa mkali, wa haraka. Akimaliza, mzee Koros alisimama na sinia akaita kwa sauti ya kengele, "Hii ni ya nani?" na meza iliyoagiza ikajibu "Yetu!" hata kama walikuwa watu wa heshima zao. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya pale, na ole wako ukichelewa kujibu, maana sinia lilikwenda kwa mwenye njaa ya kweli.

Jumapili moja mpiga gita yule aliitwa kwenye harusi Nyahururu, akaondoka na spika, mashine ya ngoma na hata waya wa kuunganisha, bila kumuaga mtu. Uwanja ulikuwa umejaa. Mzee Koros akaja chumbani akanikuta nimekaa kwenye ndoo, akaniambia watu wanaanza kuangalia bucha ya jirani. Nikatoa gita langu mfukoni. Nilisimama karibu na gogo kwa sababu hapakuwa na mahali pengine, na nilipoanza kupiga niliona vidole vyangu vinakimbia ovyo kwa woga. Kando yangu Cherono alikuwa anakata paja la meza ya tatu, hana habari nami. Gonga, gonga, kwaruza. Nikaukamata mwendo wake kama mtu anayeshika ukingo wa ngazi gizani, nikaimba. Alipomaliza paja nikamaliza wimbo, kwa sababu sikuwa na namna ya kuendelea. Walaji hawakupiga makofi. Waliagiza nyama zaidi, na mzee Koros akaelewa kabla yetu. Mpiga gita wa Nyahururu aliporudi alikuta nafasi yake imejaa. Akaenda bucha ya jirani, na nasikia walifaana.

Kwamba hiyo ilikuwa bendi, hatukulijua sisi. Aliyetuambia ni Mfaransa mmoja, fundi wa mitambo ya mvuke kule Olkaria, ambaye alikuwa akija kula mbuzi kila Jumamosi na kunyamaza kwa furaha. Siku moja alitusikiliza mpaka sahani yake ikapoa, halafu akaenda kwenye gari lake akarudi na kaseti. Ndani yake alikuwa amewarekodi waimbaji wa kwao, mwanamke na mwanamume, nyimbo zao tangu za mwanzo hadi za mwisho kwa mfuatano. Akainua vidole vyake, akasema kwa Kiswahili chake cha kazini, "Wawili tu. Hakuna mwingine." Tuliisikiliza kwenye redio ya bucha hadi mzee Koros akatuuliza kama tumeolewa na mtu wa ndani ya kaseti. Maneno hatukuyaelewa hata moja, lakini hayo tuliyasamehe, maana mtu huwasikia wawili wale wakikua. Upande wa kwanza walikuwa watoto, sauti ya mwanamke, gita la mbao, na mwanamume akigonga kitu kama meza. Nyimbo tatu mbele, wamepata kinanda na wamejifunza kunyamaza katikati ya mstari. Ukigeuza kaseti, gita limekuwa la umeme na linanguruma, mwanamke anaimba juu yake bila kuogopa, na bado ukitega sikio unawasikia wawili wale wale wa mwanzo. Nilichukua somo langu la muziki kwenye ndoo ya chumvi, na nimewahi kumwambia hivyo mhadhiri mmoja aliyeniuliza nilisomea wapi.

Mimi niliupenda upande wa kwanza. Cherono aliupenda wa pili, na kwa mara ya kwanza nikajua kwamba yule msichana mnyamavu alikuwa na kelele nyingi ndani yake. Alinisumbua wiki nzima, mpaka nikaenda kuazima gita la umeme la vijana wa kanisa Gilgil, na tukaliunganisha kwenye redio ya bucha kwa msaada wa dereva mmoja wa lori aliyejua nyaya. Siku ya kwanza mzee Koros aliuliza kama tunafukuza ndege. Siku ya pili madereva walisogeza meza wakacheza. Kilichobaki ni maneno. Gari likitoka upande wa Nyeri walitaka niimbe kwa lugha yangu, likitoka upande wa Kericho walitaka Cherono aimbe kwa lugha yake, na kupitia mabati tulisikia wakiulizana sisi hasa ni wa nani. Tukatunga wimbo wetu wa kwanza kwa Kiswahili, tukauita "Meza ya Jirani". Ulikuwa wa mwanamke mwenye njaa aliyeagiza nyama, anayesikia nyama ikikatwa, na kila inayokatwa inakwenda meza ya jirani. Watu walicheka, kwa kuwa walikuwa wamekaa pale na njaa ile ile. Kisha wakaacha kucheka wakasikiliza, kwa sababu kila mtu ana kitu alichoagiza maishani ambacho hakijamfikia.

Habari zikafika Nakuru. Palikuwa na studio ghorofani, juu ya duka la spea za magari, na mwenyewe tulimwita Tito. Alikuja Kikopey, akala, akasikiliza, akatuita mjini. Tulikwenda tumevaa nguo za kanisani. Tito aliniketisha mbele ya kioo, akaniimbisha peke yangu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akasema bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza bei ya sukari, "Wewe uko na sauti. Hiyo ya kugonga, mashine yangu itafanya, na haichoki. Kwa kava tutaweka picha yako."

"Sisi ni wawili," nikasema.

"Najua. Lakini watu hununua sura moja."

Cherono alikuwa ameketi kwenye ngazi nje ya mlango, panga na kisu vimefungwa ndani ya aproni mapajani mwake, na mlango ulikuwa wazi. Hakugeuka. Nilijua maana ya maneno yale: mimi ningepanda ngazi zile tena na tena, naye angerudi Kikopey kuwakatia watu nyama huku akinisikia redioni. Kwa hiyo nikasimama nikachukua gita langu. Sikufanya hivyo kwa ujasiri. Nilifanya kwa sababu wimbo ule sikuujua bila panga, na nilimwambia Tito hivyo. Alikuna shingo, akatazama dirishani. Mwishowe akasema atatupa siku moja tulete gogo letu. Jua likizama hajapata kitu cha kueleweka, anaweka mashine, naye Cherono hatakuwemo.

Gogo lilipandishwa ngazi na wanaume wanne wa duka la spea, wakilitukana kila ngazi. Tukaliweka katikati ya chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani, Tito akashusha maikrofoni, taa nyekundu ikawaka. Hapo ndipo tulipogundua kosa letu, na nadhani ni watu wa Kikopey peke yao wanaoweza kulifanya. Tulikuwa tumekumbuka gogo, panga, kisu, lile gita la umeme la kuazima, hata kitambaa cha kupangusia. Nyama hatukubeba. Cherono akainua panga akaligonga gogo tupu. Gonga la kwanza sawa, la pili likachelewa, la tatu likakosa mahali pa kwenda. Akajaribu tena. Mwendo uliokuwa unasimamisha malori barabarani ukawa wa mtu anayebisha mlango asioujua. Nilimwona Tito akivuta kiti chake karibu na mashine. Nikamwuliza Cherono kuna nini, jasho linamtoka.

"Mimi sijawahi kukata kitu hakipo," akasema.

Nikashuka mbio hadi dukani, nikaomba simu, nikampigia mzee Koros kupitia kwa jirani yake mwenye laini. Nilitarajia maswali. Aliuliza moja tu, kama tunataka paja au mbavu. Kabla ya saa za chakula cha mchana pikapu yake ilikuwa chini ya studio, yeye amevaa koti lake la sherehe, nyuma kuna mbuzi amekwisha kuchomwa, kafunikwa kwa makaratasi ya khaki, na jiko lenye moto. Jiko lilikuwa la lazima, maana nyama ikipoa mafuta hushika panga. Akaliweka kwenye ngazi za nyuma, moshi ukaingia studio, Tito akafunika mitambo yake kwa shuka. Ndipo tukaanza kazi. Paja moja, au bega moja, lilitosha wimbo mmoja, yaani kila tuliporekodi tulikata moja likaisha, na likishakatwa haliunganiki. La kwanza liliharibiwa na sauti yangu, iliyopasuka kwenye ubeti wa pili. La pili lilikuwa zuri hadi lori likapiga honi chini. La tatu, lililokuwa bega, Cherono alikwaruza kabla ya wakati wake. Nyama iliyokatwa haikuweza kutupwa, ingekuwa dhambi, kwa hiyo kila baada ya jaribio tulikula makosa yetu kwa chumvi na pilipili. Wale wanaume wanne wakapanda kutusaidia, wakawaita wateja wao, na kufikia alasiri chumba kile kilikuwa na watu wengi kuliko bucha. Tito mwenyewe alikuwa analamba vidole. Lakini nilipoangalia sinia, roho iliniruka. Mabega yalikwisha kukatwa, mapaja yamekwisha. Zilibaki mbavu za upande mmoja, na wimbo ule hatukuwahi kuupiga kwa mbavu.

Tito alipangusa mikono kwa shuka. "Hii ni ya mwisho," akasema. "Ikikataa, naweka mashine, na msininunie."

Niliogopa sana. Sijui kama nimewahi kuogopa hivyo tena, hata nilipokuwa leba. Cherono aliziweka mbavu juu ya gogo, akazipapasa kwa vidole kama mtu anayehesabu funguo za kinanda, kisha akaniangalia. Tangu Jumapili ile ya kwanza nilikuwa nikimfuata yeye na yeye akinifuata mimi, kila mmoja akihofia kumwacha mwenzake nyuma. Akaniambia, "Leo usinifuate. Imba tu." Taa ikawaka. Panga likapita kati ya mfupa na mfupa, jepesi, la haraka kuliko siku zote, na kisu hakikukwaruza tena, kiligonga kwa ubapa wake. Palikuwa na milio ambayo sikujua gogo lile linayo, hata vipande vya mbavu vikichakarika juu yake kama njuga. Nikaacha gita lingurume kama lile la upande wa pili wa kaseti, nikaimba juu yake, na kwa mara ya kwanza sikumtegemea. Niliimba nikijua yuko. Kwenye mstari wa mwisho nyama ikaisha. Panga likanyamaza mapema, na sauti yangu ikabaki peke yake katika chumba kile chenye moshi, ikamaliza taratibu. Na mzee Koros, aliyekuwa amesimama ukutani na sinia lake, akiona kazi ya kukata imekwisha, akasahau kabisa yuko wapi. Akaita, "Hii ni ya nani?" Chumba kizima kikajibu, "Yetu!"

Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka. Tito akaizima, akarudisha utepe nyuma, akausikiliza kwa vipokea sauti vyake vya masikioni. Akauliza kama afute ile ya mzee mwishoni.

"Wacha," Cherono akasema. Lilikuwa neno la kwanza alilowahi kumwambia.

Tito akaitikia kwa kichwa. Akafunika mashine yake ya ngoma kwa ile shuka yenye mafuta, akachukua kalamu, akamgeukia Cherono akamwuliza jina lake lote ni lipi, maana anataka kuliandika kwenye kava. Mimi jina langu hakuniuliza, alikuwa nalo. Nimepewa zawadi kadhaa baadaye, nyingine za kioo, ziko kabatini zinakula vumbi. Hakuna iliyonipa furaha kama kumwona rafiki yangu akipangusa mkono wa kulia kwenye aproni kabla ya kulitamka jina lake, kana kwamba alikuwa anataka kulisalimia.

Kilichofuata kinajulikana na watu wa rika langu. Kaseti ilianza kusikika kwenye vibanda vya Gilgil, ikapanda Nakuru, ikashuka Naivasha, na kabla mwaka haujaisha wateja wa Kikopey walikuwa wakijibu "Yetu!" hata kama nyama ni ya meza nyingine, mzee Koros akapata taabu kubwa ya kujua ampe nani sinia. Mfaransa wa Olkaria alipomaliza mkataba wake alikuja kuaga. Tukampa kaseti yetu, picha ya wawili kwenye kava, na akaigeuza upande wa pili kuangalia kama kuna zaidi. Tukamwambia bado tunakua. Na kweli tulikua: tulipata kinanda, tukapata tarumbeta kwa muda, tukapitia miaka ya kelele ambayo wanangu wananitania nayo, tukapiga Eldoret na Kisumu na mahali ambapo hatukujua lugha ya wasikilizaji. Wengi walituambia tuongeze watu. Tuliwashukuru.

Jana tulikwenda ukumbini. Cherono alikuja na pikapu, gogo nyuma, limebonyea zaidi kuliko nilivyolikumbuka, na sufuria iliyofunikwa vizuri. Siku hizi bucha ni yake, na kofia ya mjomba wake, Mungu amrehemu, imetundikwa juu ya mizani. Yule binti wa vyombo alikuwa ameweka maikrofoni tano kama alivyosema. Alituamkia vizuri, kisha akafungua kompyuta yake akatuonyesha wimbo wetu wa zamani umechanwachanwa kuwa mistari ya rangi. Alikuwa ameusikiliza mara nyingi ili kuwasaidia wale vijana, na bado kitu kilimsumbua.

"Mathe, niambieni ukweli," akasema. "Hapa naskia drum mbili tofauti, kitu ingine kama shaker, gita, halafu wewe. Mlikuwa wangapi kwa hii track?"

Nilifungua mdomo nijibu kwa kirefu, kama ninavyopenda. Cherono alinitangulia. Alikuwa ameinama, anafunua sufuria, na moshi wa mbavu ukapanda mpaka kwenye taa za jukwaa.

"Wawili," akasema. "Na mbuzi."

Binti akacheka, akanitazama aone kama ni mzaha. Sikucheka. Cherono akaweka mbavu juu ya gogo, akashika panga kulia na kisu kushoto, akagonga mara chache tu, kupasha mikono. Watu waliokuwa wakipanga viti chini wakasimama. Binti alisikiliza, kinywa wazi. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akang'oa maikrofoni ya kwanza iliyozidi, akang'oa ya pili, akang'oa ya tatu, akazibeba zote kifuani akazirudisha nyuma ya pazia, na jukwaani zikabaki mbili.